Wafungwa Kupigana Hadi Kufa Mbele ya Kamera: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Mfumo wa muvi hizi unajulikana. Mfungwa, mara nyingi wa kusingiziwa, anapewa silaha na ahadi, kamera zinawashwa, na atakayebaki hai anaachiwa huru. Zinapendwa sana, kuanzia kwenye vibanda umiza hadi kwenye simu, na mazungumzo yanayozifuata yamejaa madai yasiyo sahihi kuhusu historia, magereza na zaidi ya yote mwili wa binadamu.

"Schwarzenegger ndiye aliyeanzisha"

*The Running Man*, ambayo Arnold Schwarzenegger ndiye steringi, ilitoka mwaka 1987, lakini wazo lilikuwa limeshazeeka. Mwaka 1958 Mmarekani Robert Sheckley aliandika hadithi fupi ya mtu anayekubali kuwindwa na wauaji mbele ya kamera ili ashinde pesa. Wajerumani waliifanya filamu ya televisheni mwaka 1970. Mwaka 1983 Mfaransa Yves Boisset akatengeneza yake, na ile ya 1987 ilipotoka alikwenda mahakamani kudai ameibiwa kazi. Kesi ilichukua miaka mingi, na hatimaye akashinda.

Kuna jambo lingine ambalo wengi hawalijui. Katika riwaya ya Stephen King ya mwaka 1982, aliyoitoa kwa jina la Richard Bachman, mhusika mkuu si mfungwa kabisa. Hana kazi, mtoto wake anaumwa, na anajipeleka mwenyewe kwenye mchezo ambao anawindwa nchi nzima kwa siku 30. Tena ule msemo wetu kwamba steringi hafi haufanyi kazi pale, kwa maana mwishoni anakufa akiiangusha ndege kwenye jengo la kampuni ya televisheni. Muvi ya 1987 ilimgeuza kuwa mfungwa na kumfungia kwenye uwanja wa mapambano. Toleo la Edgar Wright la mwaka 2025 limemrudisha yule baba mwenye mtoto mgonjwa.

Mabadiliko ya muvi ya 1987 ni makubwa. Njaa ilitolewa ikawekwa hukumu ya jela, na mtazamaji akapunguziwa mzigo, kwa sababu kumwangalia "mhalifu" akifa ni rahisi kuliko kumwangalia baba maskini. Hata hivyo, muvi hiyo ilifanya jambo moja kwa ustadi: ilionyesha kituo cha televisheni kikikatakata mkanda ili mtu aliyekataa kuua raia aonekane kuwa ndiye aliyewaua. Sehemu hiyo inastahili kuangaliwa mara mbili kuliko mapigano yenyewe.

"Ni kama Roma tu, gladiata alipigana hadi mmoja afe"

Hii ndiyo dhana iliyokita mizizi kuliko zote, na inachanganya makundi mawili ya watu.

Gladiata alikuwa mali ya gharama. Wengi walikuwa watumwa au mateka, lakini walikuwepo pia watu huru waliojiandikisha kwa kiapo. Walifundishwa kwa muda mrefu, wakapangwa kwa aina ya silaha, na pambano lilikuwa na refa mwenye fimbo. Aliyezidiwa aliweza kuomba asamehewe. Maandishi ya ukutani huko Pompeii, mji wa kale wa Kirumi, yanaonyesha matokeo kwa herufi: huyu alishinda, huyu alisamehewa, huyu alikufa, na waliosamehewa ni wengi. Sababu mojawapo ni hesabu. Mwanasheria wa Kirumi Gaius anataja mfano wa mkataba ambao mwandaaji analipa denari 20 kwa gladiata anayerudi mzima, na denari 1,000 kwa anayeuawa au kulemazwa. Mara 50! Asiyetaka kufilisika hakuwa na hamu ya maiti nyingi.

Kundi la pili ndilo linalofanana na muvi: waliohukumiwa kifo. Hawa waliletwa mchana, bila ngao wala kofia ya chuma, na mwanafalsafa Seneca aliyeshuhudia aliandika kwa uchungu kwamba yale hayakuwa mapambano, yalikuwa mauaji matupu. Hata ile salamu maarufu, "wanaokwenda kufa wanakusalimu", haikuwa desturi ya gladiata. Tunaisoma kwenye tukio moja, mwaka 52, mfalme Klaudio alipoandaa vita vya majini kwenye ziwa Fucino. Waliosalimu walikuwa wafungwa waliolazimishwa kupigana kwenye merikebu. Mwanahistoria Tacitus anataja watu 19,000, na anasema walipigana kwa ujasiri hata waliobaki wakasamehewa kifo.

"Televisheni haijawahi kuonyesha wafungwa wakipigana" na kinyume chake, "Marekani hufanya hivyo kwa siri"

Yote mawili yanahitaji kurekebishwa. Tarehe 12 Oktoba 1978, bondia James Scott, akiwa anatumikia kifungo, alipigana ndani ya gereza la Rahway, New Jersey, na televisheni ya HBO ikaonyesha. Alimshinda kwa pointi Eddie Gregory, mmoja wa waliokuwa wakitajwa kwa ubingwa wa dunia. Ilikuwa ndondi halali yenye refa, daktari na glavu. Lakini chama cha ndondi cha WBA kilimwondoa kwenye orodha yake ya wagombea kwa kuwa ni mfungwa, hivyo hakuwahi kugombea mkanda wa ubingwa. Mwaka 1981 alipigwa humo humo gerezani na Dwight Braxton, ambaye naye aliwahi kufungwa Rahway, na miezi michache baadaye Braxton akawa bingwa wa dunia.

Kuhusu siri, kesi inayotajwa ni ya gereza la Corcoran, California, miaka ya 1990. Askari walituhumiwa kuwatoa wafungwa mahasimu kwenye uwanja mdogo mmoja wakijua watapigana, kisha kuwafyatulia risasi. Askari wanane walishtakiwa katika mahakama ya shirikisho, na mwaka 2000 wakaachiwa wote. Picha zilizozua mjadala zilitoka kwenye kamera za ulinzi. Hapakuwa na matangazo wala watazamaji wa kulipia.

"Boyka naye ni wa kundi hili"

Hapana. Katika mfululizo wa muvi za *Undisputed*, ambamo Boyka ni mfungwa mpiganaji, wafungwa wanapigana kwa ajili ya kamari, na pambano kwa kawaida huisha mtu akizimia, akivunjika au akisalimu amri. Wengi wamemjua Boyka kupitia muvi za kutafsiriwa, na mtafsiri huongeza chumvi yake. Maneno yanayosikika si lazima yawe ya mhusika.

"Lakini mfungwa alikubali mwenyewe"

Angalieni masharti. Katika *Death Race* ya 2008, ushindi wa mashindano matano ndio uhuru. Katika *Gamer* ya 2009, ni mapambano 30. Katika *The Condemned* ya 2007, waliohukumiwa kifo kumi wanawekwa kisiwani, kila mmoja na bomu mguuni, kwa saa 30. Anayeweka idadi ndiye anayefaidika mfungwa asipoifikia. Kukubali huku ukishikiwa bomu si kukubali. Kwa mateka wa vita sheria iko wazi: Mkataba wa Tatu wa Geneva wa 1949, kifungu cha 13, unataka walindwe hata dhidi ya kufanywa kitu cha kutazamwa na umma.

"Kabali ya sekunde tano inaua, na shingo inavunjwa kwa mkono mmoja"

Kabali inayobana mishipa mikubwa ya pande mbili za shingo humzimisha mtu kwa takriban sekunde kumi. Ikiachiwa papo hapo, kwa kawaida huzinduka ndani ya nusu dakika. Madhara ya kudumu na kifo huja inaposhikiliwa kwa dakika, ubongo ukikosa oksijeni, ndiyo maana refa hukimbilia kuitoa. Asijaribu mtu nyumbani, kwa sababu mshipa unaweza kuchanika ndani na kuleta kiharusi. Kuzungusha shingo kwa mkono mmoja ni kazi ya wapiga sauti wa studio, kwani misuli na kano za hapo hazikatiki hivyo.

Ngumi tupu kichwani huvunja kwanza mfupa wa kiganja ulio chini ya kidole kidogo. Mabondia hufunga bandeji kwa sababu hiyo, na glavu hulinda mkono zaidi ya ubongo wa anayepigwa. Anayezimia kwa dakika kadhaa kisha akaamka na kukimbia ni wa kwenye muvi tu. Katika maisha, huyo ni wa kukimbizwa hospitali, kwani damu inaweza kuwa inavuja ndani ya fuvu. Na hakuna wa kurusha mateke dakika 20 mfululizo: raundi ya ndondi ni dakika tatu, ya mapigano mchanganyiko ni tano, na wote wanatoka wakihema.

"Risasi za kuigizia hazina madhara"

Huu ni uongo hatari. Risasi ya kuigizia haina kichwa, lakini ina baruti, na gesi yake ya moto hutoka kwa nguvu. Mwaka 1984 mwigizaji Jon-Erik Hexum alijifyatulia moja ubavuni mwa kichwa akitania, ikavunja fuvu, akafa. Mwaka 1993 kifo cha mwigizaji Brandon Lee kilitokea kwa hatua mbili. Kwanza, risasi ya maonyesho, yaani ile ya kuonyeshwa tu yenye kichwa bila baruti, ilitengenezwa vibaya na kichwa cha risasi hiyo kikakwama ndani ya mtutu. Kisha risasi ya kuigizia ikafyatuliwa nyuma yake, ikakisukuma nje kama risasi kamili. Mwaka 2021, kwenye utengenezaji wa muvi ya *Rust*, ilikuwa mbaya zaidi, kwani risasi halisi iliingia kwenye bastola na kumuua mpiga picha Halyna Hutchins.

Utaratibu sahihi ni huu: mtutu unamulikwa kila mara kabla ya kupakia, risasi ya maonyesho inatikiswa sikioni, na isiposikika gololi ndani wala kuonekana tundu ubavuni, inatengwa, silaha inaelekezwa pembeni ya mwenzako, na kamera hupangwa ionekane imemlenga. Ngumi nazo hupigwa hivyo hivyo. Kamera hukaa nyuma ya mmoja wao, mkono hupita mbali na shavu, anayepigwa hugeuza kichwa kwa wakati wake, na sauti ya kishindo huongezwa baadaye. Kamera ikikaa ubavuni, nafasi kati ya ngumi na uso huonekana, na picha hiyo hurudiwa.