Umbali wa anga: Mtwara hadi Pemba ni kilomita ngapi?

Kwanza tukubaliane ni Pemba ipi. Mtu akisikia "naenda Pemba" anafikiria kisiwa cha karafuu. Hapa nazungumzia Pemba ya Msumbiji, makao makuu ya jimbo la Cabo Delgado, mji ulioitwa Porto Amélia enzi za Wareno. Wamakonde wako ng'ambo zote mbili za Mto Ruvuma, kwa hiyo anayeuliza umbali huu mara nyingi ana msiba au harusi ya ndugu inayomngoja.

Umbali wa anga ni urefu wa mstari ulionyooka kati ya miji miwili, bila kujali mito, vilima wala mipaka. Unaweza kuukadiria kwa kalamu tu. Mtwara iko karibu nyuzi 10.3 kusini mwa ikweta, Pemba karibu nyuzi 13. Tofauti ni nyuzi 2.7, na kila nyuzi moja ya latitudo ni kama kilomita 111. Zidisha, unapata kilomita 300 hivi. Hesabu hii inatosha kwa sababu miji yote miwili iko pwani, mmoja karibu kusini kabisa mwa mwingine.

Kilomita hizo 300 usizipeleke stendi ya mabasi. Daraja la Umoja, linalovuka Mto Ruvuma na lililofunguliwa mwaka 2010, liko Mtambaswala wilayani Nanyumbu. Kulifikia kutoka Mtwara unaelekea magharibi hadi Masasi, takriban kilomita 200, halafu unaendelea tena. Na Pemba bado iko kusini-mashariki yako. Njia ya Kilambo ni fupi, lakini huko unavuka kwa kivuko. Na tangu mashambulizi yalipoanza Cabo Delgado mwaka 2017, ufupi wa njia si jambo la kwanza la kuuliza. Uliza usalama kwanza.

Muda wa kuruka nao una mtego wake. Ndege ya pangaboi inayokwenda kilomita 500 kwa saa ingemaliza kilomita 300 kwa dakika 36. Lakini haipati kasi hiyo tangu inapoacha ardhi: inapanda, inatulia, kisha inapunguza mwendo ili itue. Kadiria dakika 50. Tena makadirio hayo ni ya ndege inayokwenda moja kwa moja. Ukilazimika kuunganisha Dar es Salaam, unapanda kaskazini karibu kilomita 400, kisha unarudi kusini karibu 700. Jumla 1,100, mbali na saa za kusubiri uwanjani. Ndiyo maana naona jibu la "kilomita 300, chini ya saa moja" linampotosha msafiri asiyeambiwa hayo mengine.

Kuna na saa ya ukutani. Msumbiji iko nyuma ya Tanzania kwa saa moja. Ukiondoka Mtwara saa 4:00 asubuhi na kuruka dakika 50, saa yako ya mkononi itasoma 4:50, ila Pemba itakuwa saa 3:50, kana kwamba umefika kabla hujaondoka. Wakati wa kurudi mambo yanageuka: ukiondoka Pemba saa 4:00 kwa saa za kule, unatua Mtwara saa 5:50. Anayekuja kukupokea mwambie saa za Mtwara.