Armstrong alisoma Purdue, sawa. Kijana wako je?

Wiki hii nimeulizwa tena, na aliyeuliza ni mzee ninayemheshimu, kwa hiyo hata kununa sikuweza. "Mhandisi, kijana kapata Divisheni One ya PCM. Nitajie chuo bora kabisa cha ndege huko Marekani, akirudi awatengenezee ndege zenu. Shamba la Mkuranga nauza."

Mzee wangu, shamba liache kwanza.

Digrii ya aerospace, yaani uhandisi wa ndege na roketi, ni ya kubuni: aerodinamiki, miundo, injini, udhibiti. Urubani haumo kabisa, hilo nalo nimechoka kulisema. Na matengenezo hayamo. Ndege ikitoka karakana hairuki mpaka mwenye leseni atie sahihi, na leseni hiyo chuo kikuu hakitoi. Inatolewa na mamlaka ya anga: TCAA kwetu Tanzania, KCAA kwa majirani Kenya. Kwa mfumo wa Ulaya, leseni ya B1 ni ya mitambo, B2 ni ya avioniki, yaani vifaa vya umeme na elektroniki vya ndege, na kila moduli lazima ufikishe asilimia 75. Halafu uzoefu wa kushika ndege kwa mikono: miaka 2 ukitokea chuo chenye idhini ya Part 147 (kanuni ya vyuo vya matengenezo ya ndege), hadi 5 ukija hivihivi.

Mimi yalinikuta. Nimerudi na digrii yangu ya Uingereza, siku ya kwanza fundi ambaye chuo kikuu hajawahi kukanyaga akanikabidhi tochi. "Mhandisi, mulika hapa." Alikuwa anafunga waya wa usalama kwenye bolti za pampu ya mafuta, mizunguko sita hadi nane kwa inchi, waya ukivuta upande wa kukaza ili bolti isipate pa kulegea. Nikaomba nijaribu. Akautazama waya wangu, akachukua koleo, akaukata wote, akanirudishia tochi. Nilimulika muda mrefu sana.

Sasa hilo la "bora kabisa". Zile orodha za vyuo bora zinapima zaidi utafiti na sifa, mambo ambayo mwanafunzi wa mwaka wa pili anayasikia kwa mbali tu. Lakini kinachonikera hasa ni Marekani. Kila mzazi ananiambia Neil Armstrong, yule wa kwanza kukanyaga mwezi, alisoma chuo cha Purdue. Kweli, alimaliza 1955. Armstrong alikuwa Mmarekani! Kule kuna kanuni zinaitwa ITAR: roketi na teknolojia yake vimo kwenye orodha moja na silaha, na kumwonyesha mgeni michoro yake kunahesabika kama kuisafirisha nje ya nchi, hata kama mmekaa meza moja Texas. Ndiyo maana kampuni za roketi zikitangaza kazi zinataka raia au mwenye grini kadi. Kijana atafundishwa vizuri, atapewa joho, kisha mlango wa kiwandani utafungwa mbele ya pua yake. Hili mawakala wa vyuo hawalitaji, na wanalijua.

Akitaka kushika spana, NIT, Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, ipo pale Mabibo, Dar es Salaam. Aulize jambo moja: mafunzo haya yameidhinishwa na nani, na je, TCAA inayahesabu kwenye leseni? Akitaka kubuni, Chuo Kikuu cha Kenyatta, Kenya, wana aerospace, na Technical University of Kenya nao wana uhandisi wa ndege. Nauli ni ya basi. Ningekuwa mimi, ningemsomesha digrii ya umakanika, yaani uhandisi wa mitambo, kwanza, aerospace ije kwenye shahada ya pili. Umakanika una kazi hata pasipo na ndege.

Ingawa hapo huwa najishtukia. Kuna kishikizi kimoja cha bomba kilikuwa kinapasuka mahali palepale. Tulikibadilisha mara tatu, kila mara kwa kufuata kitabu, sahihi zote zipo. Nilikaa na karatasi jioni moja nikapiga hesabu ya mtetemo, nikaona bomba linatikisika kwa mwendo uleule wa pampu. Tukamwandikia mtengenezaji. Yule fundi wa koleo alisoma hesabu zangu kimya, akauliza tu, "Hii walikufundisha wapi?"