Fildi ya televisheni inasomewa chumba cha uhariri

Kila ifikapo Julai, vyuo vikishafunga, kituoni kwetu hapa Mwanza tunapokea kundi la wanafunzi wa fildi, yaani mafunzo kwa vitendo. Wanakuja wamependeza, barua ya chuo imo kwenye bahasha ya plastiki, logibuku, daftari lao la kuandika kazi za kila siku, haina hata mkunjo. Waulize mmoja mmoja wanataka kujifunza nini, majibu yanafanana: kusoma habari, kutangaza mpira, kuendesha kipindi cha burudani. Sijawahi kumsikia anayesema anataka kukaa na mhariri wa picha. Mhariri wa picha ni mimi, kwa hiyo mtasema navutia kwangu. Haidhuru, nitasema tu: chumba changu chenye viti viwili na kiyoyozi kinachodondosha maji ndicho kinachofundisha televisheni kuliko kona nyingine yoyote ya jengo hili.

Ili unielewe, kumbuka tulikotoka. Zanzibar ilikuwa na televisheni tangu miaka ya 1970, lakini Bara ilibidi tusubiri hadi 1994, ITV na wenzake walipoanza kurusha matangazo. Wengi walioingia kwenye vyumba vile vya habari walitoka redioni na magazetini, wakaja na ujuzi wao: andika kwanza, soma vizuri, kisha tafuta picha za kufunikia maneno. Nao wakawafundisha waliofuata. Ndiyo maana mpaka leo unaweza kufumba macho taarifa ya habari ikiendelea na usikose kitu. Hiyo ni redio iliyovalishwa picha. Mwanafunzi anayetoka darasani akiwa na alama nzuri za uandishi anakuja na mazoea hayo hayo, na pa kuyaachia ni mbele ya skrini ya uhariri, anapoona kwa macho yake maneno yake yakigombana na picha zake.

Kuna mwaka dada mmoja wa fildi alipewa stori ya bei ya dagaa pale mwalo wa Kirumba, soko la samaki kando ya ziwa hapa Mwanza. Stori yenyewe haina ugumu kwa mtu wa kanda hii. Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa usiku kwa taa. Taa inawavuta, nyavu inawazoa. Mwezi ukiwa mpevu mwanga wake unatapakaa juu ya maji yote, taa inakosa nguvu, na wavuvi wengi wanaegesha mitumbwi mpaka giza lirudi. Siku hizo mzigo unapungua, bei inapanda, na wanunuzi wanaotoka mpaka Kongo, Rwanda na Burundi wanakaa wakisubiri. Alikwenda na kamerameni wetu, na simu yake mwenyewe akaitumia kuongezea picha. Mchana akaingia chumbani kwangu.

"Shikamoo kaka. Nimemaliza, na skripti nimeshaandika."

"Marahaba. Lete tuone."

Skripti ilikuwa kurasa mbili, na ilianza hivi: "Wafanyabiashara wa dagaa katika mwalo wa Kirumba jijini Mwanza wamelalamikia kupanda kwa bei ya bidhaa hiyo kutokana na kuadimika kwake sokoni." Sentensi safi kabisa, na gazeti lolote lingeipokea. Nikamwambia airekodi sauti, nikaiweka, nikaweka juu yake picha alizoleta, tukatazama. Sauti inasema dagaa wameadimika. Picha inaonyesha ghala, magunia yamepangwa hadi yanagusa bati, na vijana wanaongeza mengine.

Nikasimamisha. Nikamuuliza dada: mama aliyekaa sebuleni kwake Buhongwa ataamini kipi, anachosikia au anachokiona? Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Atasema tunadanganya."

Ndivyo ilivyo. Sikio na jicho vikipishana, jicho linashinda, na maneno yote yanayofuata yanakwenda na maji. Lakini uzuri wa stori hii ni kwamba jibu alikuwa nalo. Alishamuuliza mwenye ghala kwa nini ana mzigo wakati wenzake wanalia, akaambiwa magunia yale yameshalipiwa tangu kabla ya mbalamwezi, yanasubiri lori. Hakuliandika kwa sababu aliona si "taarifa rasmi". Tukarudi kwenye picha kulitafuta. Katikati ya mzunguko mrefu wa kamera, kwa sekunde nne hivi, alikuwepo kijana anashona mdomo wa gunia kwa sindano ndefu, pembeni yake mwenzake anaandika herufi za mnunuzi kwa rangi nyekundu. Hiyo ndiyo ikawa picha ya kwanza, na skripti ikaanza upya: "Magunia haya yana wenyewe. Yalilipiwa kabla mwezi haujapevuka. Kwa anayekuja kununua leo, hakuna." Sentensi tatu fupi, kila moja imekaa juu ya picha yake. Mwenye macho haambiwi tazama: usimwambie mtazamaji kwamba hili ni gunia, mwambie kile ambacho gunia halisemi.

Lililofuata lilikuwa hesabu, na hapa wanafunzi wengi wanashtuka. Habari hiyo ilipangiwa dakika moja na sekunde 45, yaani sekunde 105. Toa sauti za wahojiwa wawili, sekunde 15 kila mmoja. Toa sekunde tano za soko lenyewe kusikika, kelele za wapakiaji bila mtu kusema kitu. Zimebaki 70. Msomaji wetu wa wastani anasoma maneno mawili kwa sekunde. Kiswahili kina maneno marefu, ukimkimbiza zaidi ya hapo atakula silabi. Kwa hiyo una nafasi ya maneno 140. Skripti yake ilikuwa inakaribia mia nne. Hakuna mhadhara wa uandishi wa kubana unaofundisha kama kumwona mtu akifuta "katika hatua nyingine" na "imeelezwa kuwa" kwa mikono yake mwenyewe, kwa sababu saa ya ukutani inamwangalia.

Na zile sekunde nne za kijana na sindano ziliniuma. Zingekuwa kumi ningefanya nazo makubwa. Ugonjwa wa kila anayeshika kamera mara ya kwanza ni kutaka kuonyesha kila kitu kwa mkupuo mmoja: anaanza kushoto, anakwenda kulia, anasogeza karibu, anarudisha mbali, na mimi mkataji sina pa kukata. Kamera isimame. Hesabu mpaka kumi kimoyomoyo, ndipo uhame. Piga pana, piga ya kati, kisha sogea kwa miguu yako upige karibu: mkono, sindano, uzi, uso. Mhojiwa akimaliza kusema, usiondoke. Piga mikono yake, piga anachokitazama. Nikitaka kupunguza jibu lake la dakika tatu liwe sekunde 15, nitakata katikati ya maneno, na bila picha ya kufunika pale nilipokata kichwa chake kitaruka kwenye skrini mpaka mtazamaji adhani kituo kimepata hitilafu.

Sauti ndiyo inayonichosha zaidi. Mwaloni kuna upepo wa ziwa, na upepo ukipiga kwenye maiki isiyovishwa kifuniko cha manyoya unatoa ngurumo inayomeza maneno. Mshale wa sauti kwenye kamera unacheza vizuri, lakini haukuambii unachezeshwa na nani. Wa kukuambia ni hedifoni, na hedifoni ndiyo kitu cha kwanza wanachoacha ofisini, sijui kwa kuona aibu kuivaa mbele za watu. Picha ikiwa na giza kidogo naweza kuipandisha. Sauti iliyomezwa na upepo hairudi, hata uwe na programu ya bei gani. Ukifika mahali, kabla ya kuondoka, mwombe kila mtu anyamaze na urekodi nusu dakika ya mahali penyewe bila maneno. Nitaitandika chini ya maungio na hakuna atakayejua palikatwa.

Kuhusu simu, kwa kuwa sasa kila mmoja anayo: sina ubaya nazo, nyingine zinapiga picha nzuri kuliko kamera tuliyokuwa nayo zamani. Ila iwe imelala, isisimame. Na ingia kwenye mipangilio. Simu nyingi zinakuja zimewekwa fremu, yaani picha moja moja, 30 kwa sekunde, sisi tunarusha 25, kwa hiyo kitu kikitembea kwenye picha yako kitatembea kwa kushtukashtuka. Kuna jambo la pili ambalo halifundishwi sana. Umeme wetu unakwenda na kurudi mara 50 kwa sekunde, na taa nyingi za ofisini zinapepesa mara mbili ya hapo bila jicho kuona. Simu ikipiga kwa kasi isiyowiana na umeme, utaona mistari ya giza inapanda na kushuka ukutani nyuma ya mkuu wa wilaya. Weka fremu 25, na kama simu yako inaruhusu kuchagua kasi ya shata, yaani muda ambao kila fremu inapokea mwanga, weka 1/50 ya sekunde. Mistari itaondoka.

Kwingine kituoni pitieni, lakini msitegemee makubwa. Kikao cha asubuhi kaeni, sikilizeni stori zinavyokataliwa. Zile zinazokataliwa zinafundisha kuliko zinazopita. Chumba cha kurushia matangazo, wakati wa habari za saa mbili usiku, simama nyuma kimya uone mpangilio wa habari unavyobadilishwa dakika tatu kabla ya hewa kwa sababu kiongozi fulani ametoa tamko. Stori ya dagaa ilipunguzwa hivyo hivyo, ikabaki dakika moja na robo, na dada yule aliyeandika kurasa mbili ndiye aliyeniambia pa kukata. Kiti cha msomaji wa habari? Kusoma prompta, ile skrini inayomwonyesha msomaji maneno, jifunze nyumbani, soma gazeti kwa sauti kila asubuhi. Hakuna kituo kitakachokupa kiti hicho ukiwa fildi, na kikikupa, jiulize kwa nini.

Hapo niseme jambo moja bila kuzunguka. Yupo atakayekuambia atakupitisha kwenye skrini, au atakusainia logibuku, ukikubali kwanza kutoka naye. Hiyo ni rushwa ya ngono, na Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inaitaja kuwa kosa, kifungu cha 25. Simu ya TAKUKURU ni 113 na haitozwi. Mwambie pia msimamizi wako wa chuo siku hiyo hiyo, kwa maandishi. Wanaume nao yanawakuta.

Hela ni habari nyingine. Vituo vingi havilipi wanafunzi wa fildi, na mwenye mkopo wa Bodi ya Mikopo anakuwa na fungu la mafunzo kwa vitendo wakati mwenzake asiye na mkopo anakula nauli aliyotumiwa na mama. Ndipo inapokuja bahasha ya "nauli" wanayogawiwa waandishi mwisho wa semina. Sitajifanya mtakatifu wa kuhukumu mtu mwenye njaa. Nasema tu nikiwa kwenye kiti cha uhariri huwa naziona: stori za bahasha zinakuja na picha za meza kuu peke yake, mwanzo hadi mwisho, wasemaji wale wale waliokaa nyuma ya chupa za maji. Walioketi nyuma ya ukumbi hawamo, na mara nyingi stori iko kwao.

Logibuku nayo. "Leo nilihudhuria kikao. Leo nilikwenda eneo la tukio." Kurasa nzima za namna hiyo, na mimi ninaombwa kugonga muhuri. Andika uamuzi. Andika kwamba stori ya maji ilikosa sauti ya mwenyekiti wa mtaa kwa sababu betri ya maiki iliisha, na kwamba tangu siku hiyo unabeba mbili. Mhadhiri anayekuja kukukagua atakuwa na cha kukuuliza, na utakuwa na cha kumjibu.

Kwa mnaokuja mwaka huu: leteni barua ya utambulisho ya chuo na kitambulisho, na msiende peke yenu kwenye tukio mkajiita waandishi. Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 inataka mwandishi awe na ithibati, yaani kibali rasmi cha kazi hiyo, na wewe bado, kwa hiyo fuatana na mwenye nayo. Leteni hedifoni zenu za waya, za kituo huwa hazitoshi. Vaeni viatu vya kutembelea, Mwaloni kuna tope na magamba ya samaki. Mimi huanza kukata kuanzia saa nane mchana. Kiti cha pili kiko wazi mpaka habari ziende hewani, na hakuna haja ya kubisha hodi mara mbili, huwa nimevaa hedifoni sisikii.