Tuzo za redio: kura za simu zinapima mnara, si kipindi

Msimu wa tuzo ukikaribia, studio zetu za Arusha na Moshi hugeuka ofisi za kampeni. "Nipigie kura" inachomekwa kati ya taarifa ya habari na salamu, makundi ya WhatsApp ya ukoo yanamwagiwa namba za kutuma, halafu matokeo yanatoka na mshindi ni wa Dar es Salaam. Watu wananuna siku mbili tatu, wanadai kura zimechakachuliwa, yanaisha.

Mimi ni mtayarishaji wa vipindi, na upande wa majaji nao nimeukalia. Sioni haja ya kumtafuta mwizi. Hata kura zikihesabiwa kwa uaminifu wote, bado kinachohesabiwa si ubora.

Mawimbi ya FM yanapenda njia iliyonyooka na hayazunguki milima vizuri. Mnara ukiwa Arusha mjini, Mlima Meru unawakinga watu wa Ngarenanyuki wasikupate. Ukirusha kutoka Moshi, tambarare zote za kusini hadi mashamba ya miwa ya TPC zinakusikia, lakini Tarakea, kule Rombo, iko nyuma ya bega la Kilimanjaro. Huko unasikika kwa mikwaruzo, kama unasikika. Sasa kituo hiki chenye mnara mmoja kinawekwa kipengele kimoja na kituo chenye minara karibu kila mkoa, kisha tunaambiwa wananchi ndio wameamua. Mwananchi ataamuaje juu ya kipindi ambacho redio yake haijawahi kukidaka?

Hili wengine walishaliona. Tuzo za Marconi za Marekani, zilizoanza 1989, hugawa kituo bora cha mwaka kwa ukubwa wa soko: miji mikubwa peke yake, midogo peke yake. Peabody, nazo za huko huko Marekani, ambazo zilitolewa mara ya kwanza 1941 zikiwa za redio tupu, hazigawi hivyo, ila washindi wake huamuliwa na jopo, na jopo lazima likubaliane lote. Sharti hilo la mwisho mimi nisingelileta huku. Kwenye jopo la watu wachache wanaofahamiana, mmoja akishupaa tu kazi nzuri inazikwa. Hapa nyumbani tuna EJAT, tuzo za umahiri wa uandishi wa habari zinazoratibiwa na Baraza la Habari Tanzania, ambako majaji hupima kazi yenyewe iliyorushwa. Afadhali huko mara mia kuliko SMS.

Lakini jopo nalo lina upofu wake, na kwangu huu ndio unaouma zaidi.

Tulipokuwa tukisikiliza, ilikuja makala ya mfongo, ile mifereji ya asili ya Uchagani. Inafunguka na maji yanayotembea, jembe linagonga jiwe, mzee anaanza kusema kwa Kichagga. Sauti yake inaachwa peke yake kama sekunde nne hivi, unamsikia anavyovuta pumzi, ndipo tafsiri ya Kiswahili inaingia, nayo haimkanyagi. Mzee anapocheka, mfasiri ananyamaza. Tuliomba irudiwe.

Kwenye fomu palikuwa na mstari mmoja: jina la mtangazaji. Mtangazaji mwenyewe alikuwa amesoma utangulizi na hitimisho, basi. Aliyepanda bodaboda hadi kwenye mfereji akiwa na kinasa sauti alikuwa mwandishi wa kujitegemea, yule anayelipwa kwa kipande. Aliyeziacha zile sekunde nne ni mhariri wa sauti. Wote wawili hawakuwa na pa kuandikwa, na sisi majaji tulikuwa tunatoa alama kwa kazi yao kwa jina la mtu mwingine. (Mtangazaji hakudanganya chochote. Alijaza alichoulizwa.)

Kwa hiyo fomu ianze kubadilika kabla ya kitu kingine: nani alirekodi, nani alitafsiri, nani alihariri, nani alisoma. Kipengele cha uhariri wa sauti kiwepo na chenyewe, hata kama hakitapendeza kwenye picha za zulia jekundu.

Wapo wanaoshauri majina yafichwe majaji wasipendelee. Kwenye magazeti inawezekana. Kwenye redio utaficha jina, sauti utaipeleka wapi? Mkoa huu mtu akisema "habari za asubuhi" tu nusu ya jopo imeshamtambua. Kinachosaidia ni jaji aliyemfundisha mshiriki, aliyefanya naye kazi au aliye ndugu yake, atoke chumbani kazi hiyo inapofikiwa, na kila jaji aandike alama zake kabla mazungumzo hayajaanza, maana mkubwa wa jopo akishasema "hii nimeipenda", penseli zote zinamfuata. Mdhamini apewe bango na meza ya mbele. Kiti cha jaji asipewe.

Mkitaka kushiriki, tunzeni rekodi ghafi na tarehe zake hadi matokeo yatoke. Jopo makini litaziomba. Na suala la hundi lizungumzwe mapema. Kama fedha za zawadi zinalipwa kwa jina moja, andikianeni mgawanyo na kusaini kabla kazi haijatumwa, mwandishi wa kujitegemea akiwemo. Hundi ikishatoka, hicho kikao hakikaliki.