Funga Vali Polepole: Presha, Hewa na Mbolea Kwenye Mfumo wa Kumwagilia

Kazi yangu ni kusanifu na kufunga mifumo ya kumwagilia mashamba hapa Nairobi na viunga vyake: Kikuyu, Limuru, Ruiru, Kitengela, hadi ndani kidogo ya Kajiado. Simu ninazopigiwa mara nyingi ni za paipu iliyopasuka, na mwenye shamba huwa na jibu tayari: "Fundi, hii paipu niliuziwa ni feki." Wakati mwingine ni kweli. Lakini nikifika, sianzi na paipu. Naenda kwenye vali iliyo karibu na pale palipopasuka, namwomba kijana wa shamba aifunge vile anavyoifunga kila siku.

Akiupiga mkono wa vali mara moja, tap, imefunga, basi sihitaji kuuliza mengi.

Maji yanayotembea ndani ya paipu ni mzigo mzito. Laini ya inchi mbili yenye urefu wa mita 600 imebeba zaidi ya tani moja ya maji. Matatu iliyojaa ikifunga breki ghafla, abiria wote wanalaliana mbele. Maji nayo yakizibiwa njia ghafla yanajibana kwenye vali, na ule msukumo unageuka kuwa wimbi la presha linalorudi nyuma hadi kwenye pampu, kisha linakuja tena. Ule mlio wa "gong" unaousikia ndani ya ukuta au kwenye chumba cha pampu ndio huo. Mhandisi wa Urusi, Nikolai Joukowsky, alilipima jambo hili kwenye mabomba ya maji ya Moscow mwishoni mwa miaka ya 1890, na kanuni yake ndiyo tunayopigia hesabu mpaka leo.

Hesabu yenyewe haihitaji kompyuta. Kwenye paipu ya PVC wimbi hilo hukimbia kama mita 400 kwa sekunde, na kila mwendo wa mita 1 kwa sekunde ukisimamishwa ghafla unaongeza presha ya kama bar 4 (bar ni kipimo cha presha). Kwenye chuma wimbi hukimbia kwa kasi zaidi, na nyongeza inafika bar 12. Sasa chukua shamba la kawaida: pampu inasukuma kwa bar 4, maji yanatembea mita 1.5 kwa sekunde, paipu ni PVC ya Class B, iliyotengenezwa kuhimili bar 6. Kijana anafunga vali kwa kishindo. Bar 6 zinaongezwa juu ya zile 4, na paipu ya bar 6 inabeba 10. Siku hiyo huenda isipasuke. Inachoka. Inarudia kesho na kesho kutwa, halafu Jumapili moja elbow, kile kiungo cha kona, inafunguka na wewe unamlaumu mwenye duka.

Polepole ni kiasi gani? Chukua urefu wa laini, uzidishe kwa mbili, ugawanye kwa 400. Laini ya mita 600 inakupa sekunde 3. Ukifunga ndani ya sekunde hizo 3 umepata kishindo chote. Ninawaambia wateja wangu wachukue nusu dakika, na wawe waangalifu zaidi mwishoni, kwa sababu vali nyingi hazipunguzi maji sawasawa. Vali ya geti, ile yenye usukani mdogo unaozungushwa mara nyingi, inaweza kufungwa zaidi ya nusu na maji bado yanapita karibu kama kawaida. Kazi yote inafanyika kwenye mizunguko michache ya mwisho. Hapo ndipo mkono unapotakiwa kutulia, na hapo ndipo watu huharakisha kwa sababu wanaona wamekaribia kumaliza.

Ndiyo maana siipendi vali ya gololi, ile ya kugeuza mkono robo duara tu, kwenye laini kubwa. Kwenye laini ndogo ya inchi moja kurudi chini ni vali nzuri: rahisi, haivuji, unaiona kwa mbali kama imefungwa au imefunguliwa. Kwenye laini kuu inampa mtu yeyote uwezo wa kusimamisha tani ya maji kwa sekunde moja. Weka vali ya geti, au vali ya kipepeo yenye gia. Na ukiweka vali ya geti, itumie kufungua kabisa au kufunga kabisa. Nimefungua nyingi zilizoachwa nusu kwa miaka ili "kupunguza nguvu ya maji": ukingo wa bamba la ndani umeliwa na mchanga mpaka umekuwa na mawimbi, na siku inapotakiwa kufunga haifungi. Kubana maji ni kazi ya vali ya kupunguza presha au vali ya diaframu.

Hili la kupunguza presha linastahili geji. Nitalisema wazi: vali ya kurekebisha bila geji ya presha kando yake ni ya kubahatisha, na sikubali kukabidhi mfumo usio nayo. Tepu nyembamba za matone zinataka kama bar 1 au chini kidogo. Mlima unakuongezea bar 1 kwa kila mita 10 unazoshuka. Kwenye miteremko ya Limuru na Kikuyu, tuta la chini lililo mita 15 chini ya lile la juu linapata bar 1.5 zaidi, na tepu zake zinaanza kuchomoka kwenye viunganishi. Kabla hazijachomoka, tayari zinamwaga kupita kiasi: kwenye matone ya kawaida, presha ikiongezeka mara mbili maji yanaongezeka kwa kama asilimia 40. Ndiyo unaona nyanya za juu zinanyauka na za chini zinaoza mizizi, kwenye mfumo mmoja, saa zilezile. Vali moja ya kupunguza presha kwenye lango la kila tuta, na geji yake, inamaliza ugomvi huo.

Tukija kwenye kugawa shamba, watu wengi huniuliza kwa nini wanahitaji vali nne kwenye ekari moja. Ekari ni kama mita 4,000 za mraba. Ukitandaza laini za matone kila mita moja, una mita 4,000 za laini; matundu kila sentimita 30 ni zaidi ya 13,000; kila tundu likitoa lita 1.6 kwa saa, ekari nzima inadai zaidi ya lita 21,000 kwa saa. Pampu ya kawaida ya kisima kirefu haina hizo. Gawa mara nne, kila kipande kinadai kama 5,300, na sasa pampu ya 6,000 inatosha.

Kugawa kunaleta kanuni moja ambayo naibandika kwenye ukuta wa chumba cha pampu kwa herufi kubwa: FUNGUA KIPANDE KINACHOFUATA KABLA YA KUFUNGA ULICHOMALIZA. Ukifunga kwanza, kwa muda huo pampu inasukuma ukuta. Presha inapanda, na ukisahau ukaenda kunywa chai, maji yaliyo ndani ya pampu yanachemka na sili, zile mpira za kuzuia kuvuja, zinaharibika. Wakati wa kuwasha, vali ya kutokea, pale maji yanapotoka kwenye pampu, iwe imefunguliwa kidogo, kama theluthi, mpaka laini ijae, kisha uifungue taratibu. Pampu ya kisimani inayowashwa na laini tupu iliyo wazi kabisa hutoa maji mengi kuliko ilivyopangiwa, na kwenye pampu ya hatua nyingi hilo linaweza kuzisukuma sehemu zake zinazozunguka juu zikasagika.

Usibane kamwe vali ya upande wa kuvuta, yaani pale maji yanapoingia kwenye pampu. Nairobi iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa yetu ni nyepesi, na kipimo cha juu kabisa cha kuvuta maji kwa nadharia, ambacho Mombasa ni mita 10 na kitu, hapa kimeshuka hadi kama mita 8.4. Kwa vitendo nisingezidi 5. Kuvuta hakuna akiba ya kuchezea.

Halafu kuna stima. Inapokatika ghafla, pampu inasimama, maji yanaendelea kwa nguvu yake, yanaacha ombwe nyuma, kisha yanarudi kwa kishindo. Vali ya kuzuia maji kurudi inatakiwa iwe ya springi, inayofunga kabla maji hayajageuka. Ile ya mlango wa kubembea hungoja mpaka yamegeuka, ndipo inajipiga. Kwenye sehemu za juu za laini weka vali ya hewa inayofanya kazi mbili, kutoa hewa laini inapojaa na kuiingiza laini inapokauka. Pia kwenye lango la kila kipande chenye mteremko. Nikikata tepu iliyoziba, mara nyingi tope ninalolikuta ndani halikupita kwenye filta. Ni laini laini, rangi ileile ya udongo wa shamba. Maji yaliposhuka baada ya kuzima, ombwe lilivuta tope kutoka nje kupitia matundu yenyewe. Filta ya bei yoyote haizuii hilo. Vali ndogo ya hewa inazuia.

Vali za umeme, za solenoidi, zimekuwa maarufu tangu vidhibiti vya simu viingie sokoni, na lalamiko ni lilelile: "haifungi." Angalia mshale ulio kwenye mwili wake, ikifungwa kinyume haitafanya kazi. Angalia tangi lako. Nyingi za vali hizi hutumia presha ya maji yenyewe kujifunga, na huhitaji kama nusu bar au zaidi. Tangi lililo kwenye mnara wa mita 3 linatoa bar 0.3. Kwa tangi la hivyo nunua vali ya mota, ambayo pia hufunga polepole. Na usichanganye koili, ile sehemu ya umeme inayofungua vali: zile za kidhibiti cha betri hupokea mpigo mfupi wa umeme tu, ukizipa volti 24 mfululizo zinaungua.

Kuhusu usalama wa mwili, moja tu, kwa sababu ndilo ninaloliona likipuuzwa zaidi. Kabla ya kufungua kifuniko cha filta, funga pande zote mbili, fungua koki ya kutolea maji, na usubiri geji isome sifuri. Hewa iliyobanwa chini ya kifuniko inaweza kukirusha usoni. Kwa sababu hiyohiyo laini mpya hupimwa kwa maji, si kwa hewa ya kompresa.

Jambo linalonikosesha usingizi ni mbolea. Ploti nyingi za Kitengela na Ruiru zina tangi moja linalolisha jikoni na shamba. Mtu anaweka venturi, kifaa kinachofyonza mbolea kwa nguvu ya maji yanayopita, anachovya mpira kwenye pipa la mbolea, na kila kitu kinaenda vizuri mpaka siku laini inakosa presha: stima imepotea, au mgao wa maji umekatika. Maji yanarudi nyuma, na yale ya pipa yanayafuata. Mbolea za naitreti kama CAN zikiingia kwenye maji ya kunywa, mtoto mchanga anayetengenezewa maziwa kwa maji hayo yuko hatarini, kwa sababu naitreti huzuia damu yake kubeba oksijeni. Maji hayabadiliki rangi. Mama hana njia ya kujua.

Suluhisho bora ni tangi la pili la shamba, linalojazwa kutoka juu, mdomo wa paipu ukiwa umeachana na maji kwa nafasi isiyopungua mara mbili ya kipenyo cha paipu. Mbolea haiwezi kuruka hewani. Kama hilo haliwezekani kwa sasa, weka vali ya kuzuia maji kurudi kabla ya venturi, vali ya hewa mbele yake upande wa pampu, na koki ndogo ya kupimia katikati. Kila mwanzo wa msimu zima pampu, funga maji yanayotoka kwenye tangi, acha laini ya shamba ikiwa na maji, fungua koki ile na uangalie dakika tano. Maji kidogo ya mwanzo ni kawaida. Yakiendelea kudondoka, vali haishiki: ifungue, safisha kiti cha mpira, toa mchanga, ujaribu tena. Ikigoma, inunuliwe nyingine, na pipa la mbolea likae pembeni mpaka mpya ifungwe.