Kijani cha ndizi huwa kinaenda wapi?

Watu wengi wanaamini jani likizeeka au ndizi ikiiva kijani kinapauka tu chenyewe, na mimi kama mtu wa baiolojia ya mimea hilo nalipinga kila nikipata nafasi, kwa sababu kuondoa kijani ni kazi, na kazi hiyo inafanywa na jani ambalo bado liko hai. Angalia mlonge. Ukichuma majani ukayakausha haraka kivulini unapata unga wa kijani kabisa, maana umeyaua kabla hayajaanza kujivunja, lakini yale uliyoyaacha mtini yakazeeka yanageuka njano kwanza ndo yanaanguka.

Sasa kwa nini mmea uhangaike? Klorofili, yaani ile rangi ya kijani yenyewe, kazi yake ni kunasa mwanga, na ikiwa imeshikwa na protini zake ndani ya kloroplasti (vile vifuko vya kijani ndani ya seli) ile nguvu inaenda kutengeneza chakula. Uzee ukifika mmea unazitaka zile protini, zina nitrojeni nyingi, unataka uzivunje upeleke kwenye mbegu na machipukizi. Shida ni kwamba protini ikitoka klorofili inabaki wazi, inaendelea kunasa jua, na nguvu ikikosa pa kwenda inahamia kwenye oksijeni na kuifanya kali kiasi cha kuua seli. Ni sawa na fundi anayebomoa nyumba achukue mabati na mbao, lazima ashughulikie umeme kwanza. Na kinachonishawishi zaidi ni hiki: klorofili yenyewe ina atomu 4 za nitrojeni na mmea hauzirudishi, unaziacha humohumo kwenye jani linaloanguka. Yaani hauivunji kwa ajili ya kuila, unaivunja isije ikauua.

Hatua zenyewe ziko hivi. Klorofili b inageuzwa kwanza kuwa klorofili a, alafu inachomolewa magnesi iliyo katikati. Jeni ya hatua hii ya magnesi ndo ile iliyoharibika kwenye njegere za Mendel, yule mtafiti wa mambo ya urithi, zilizokauka zikiwa bado kijani, iligundulika 2007, na 2016 ndo ikaonyeshwa kwamba kazi yake hasa ni kuchomoa magnesi. (Mchicha uliopikwa sana na nyanya ukawa kijani cha kahawia umepitia kitu hikihiki, asidi imetoa magnesi, ila sufuriani vimeng'enya, yaani protini zinazoendesha kemia ya mmea, vimeshakufa kwa hiyo inaishia hapo.) Baada ya magnesi unakatwa mkia wa kaboni 20 unaoitwa fitoli, na kinachobaki bado kina rangi na bado ni hatari. Hapo kinaingia kimeng'enya kinaitwa PAO, kinatumia oksijeni kuipasua pete yenyewe, kinatoka kitu chekundu ambacho hakiachwi hata kidogo, kimeng'enya kingine kinakidaka palepale na kukiondolea rangi. Mimea ya Arabidopsis, kimmea kidogo kinachotumika sana maabara, yenye hitilafu kwenye kimojawapo cha vimeng'enya hivi viwili inapata mabaka ya seli zilizokufa, mwanga ndo unaoiumiza.

Mabaki yanasukumwa mpaka kwenye vakuoli, ule mfuko wa maji ndani ya seli, na kwa kuwa mle kuna asidi yanajigeuza yenyewe bila kimeng'enya chochote. Hayana rangi, ndo maana yalitafutwa miaka mingi bila kuonekana, mpaka 1991 kundi la Bernhard Kräutler na Philippe Matile kule Uswisi likapata umbo la kwanza la mabaki hayo kutoka kwenye majani ya shayiri. Njano tunayoiona ni ya karotenoidi, rangi nyingine za jani, zilikuwepo siku zote zimefunikwa na kijani.

Turudi kwenye ndizi, maana ganda lake linafanya kitu ambacho majani mengi hayafanyi. Yale mabaki kabla hayajabadilishwa na asidi huwa yanatoa mwanga wa buluu yakimulikwa na UV, ila kwenye majani yanapita haraka sana. Ganda la ndizi linayapachika kipande cha ziada kinachozuia yale mabadiliko, kwa hiyo yanajazana. Kundi la Kräutler lilitangaza hili 2008, ndizi ya njano inang'aa buluu. Chukua ile taa ya kukagulia noti feki, zima taa za chumba, mulika ndizi iliyoiva karibu na mbichi utaona tofauti. Ikianza madoa meusi angalia vizuri pembeni ya doa, kuna pete ya buluu inayolizunguka, pale ambapo seli ziko karibu kufa.

Kwa anayevundika ndizi za kuuza, kemia hii ina kikwazo kimoja, joto. Cavendish, ile aina ya ndizi inayouzwa sana duniani, ikiivia kwenye joto linalozidi nyuzi 24 hivi, ndani inalainika na sukari inapanda kama kawaida lakini uvunjaji wa klorofili kwenye ganda unakwama, inabaki na ukijani na mnunuzi anaikataa akidhani mbichi. Ndo sababu vyumba vya kuivishia vinapozwa mpaka nyuzi 14 hadi 18. Jamii ya mzuzu zenyewe zinageuka njano hata kwenye joto kali. Moshi unaleta gesi ya ethilini inayoanzisha kuiva, sawa, lakini unaongeza joto pia, kwa hiyo kwa Cavendish tafuta sehemu yenye ubaridi na hewa, na kama uko Dar mwezi wa pili basi bonyeza ndizi kwa kidole, usiangalie rangi.