Kabla hujafuta meseji za anayekuandama

Mteja kutoka Tukuyu aliingia ofisini kwangu hapa Mbeya, akafungua simu anionyeshe vitisho alivyokuwa akitumiwa usiku na mchumba wake wa zamani. Hapakuwa na kitu. "Nilifuta, wakili. Nilikuwa naumia nikiziona. Si polisi watazirudisha?"

Usitegemee hilo. Imani hii ndiyo inayonikera kuliko zote, maana anayelipa gharama yake ni yuleyule aliyeumizwa. Tangu 2016 meseji za WhatsApp zimefungwa kiasi kwamba kampuni yenyewe haiwezi kuzisoma, na zikishakufikia hazikai kwenye mitambo yake. Kama simu yako haihifadhi nakala rudufu, meseji ziko mahali pawili tu: kwako na kwake. Ukifuta zako, ushahidi umebaki mikononi mwa anayekuandama.

Kumpiga bloku mpige, bloku haifuti mazungumzo. Ila kwanza piga skrinishoti, na uzipige vizuri. Nimeletewa skrinishoti ambayo juu imeandikwa "Usipokee", jina ambalo dada wa watu alimhifadhia huyo bwana. Namba haionekani, na jina lolote linaweza kuwekwa kwenye namba yoyote. Fungua wasifu wake, ipige picha namba yenyewe. Nyingine inasema "Jana". Jana ya lini? Subiri kama wiki moja ipite, tarehe kamili itokee, upige tena. Kama ni Facebook, nakili kiungo cha akaunti, kwa sababu jina hubadilishwa kwa dakika moja. Usikate kingo za picha, wala usiiuze simu hiyo: huenda ikahitajika mahakamani kama kielelezo.

Na nunua daftari. Wateja wangu wote nawaambia hivyo. Andika kwa kalamu tarehe, saa, alichosema na aliyekuwepo. Mtu aliyetishwa miezi minne huchanganya siku akihojiwa, na hilo si kosa lake.

Nasikia na imani nyingine. "Ndugu wote wairipoti akaunti, itafungwa, yaishe." Ikifungwa kabla hujahifadhi chochote, huenda hata wewe usione tena alichoandika. Na kuripoti kwa kubonyeza simu hakufiki polisi. Meta, kampuni yenye Facebook na WhatsApp, hupokea maombi ya polisi kwa njia yake maalumu, na ikiombwa huhifadhi kumbukumbu za akaunti kwa siku 90 ikisubiri hati za kisheria. Siku hizo hazianzi kuhesabiwa ukiwa umekaa nyumbani. Nenda kituoni, ufungue jalada, uondoke na namba ya RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi. Kama unaona aibu kusimulia kaunta mbele za watu, omba upelekwe Dawati la Jinsia na Watoto la polisi.

"Si kosa mpaka anipige." Ni kosa. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 23, inakataza kumtumia mtu ujumbe kwa nia ya kumtisha, kumsumbua au kumuumiza kihisia. Adhabu ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili.

"Kampuni ya simu inipe jina la mwenye laini." Haikupi wewe, inawapa polisi wakiandika kwa utaratibu. Fundi anayekuahidi kuingia kwenye akaunti ya mtu kwa elfu thelathini anakutafutia kesi ya kwako.

"Ana mitambo, anajua kila ninapokwenda." Mara nyingi hana. Simu alikununulia yeye, akaunti ya Google aliifungua yeye, nywila anayo. Kwenye WhatsApp angalia vifaa vilivyounganishwa: ukikuta kompyuta usiyoijua, ipige picha kwanza, ndipo uiondoe. Kisha badili nywila ukitumia simu nyingine ambayo hajawahi kuishika.